Stadi za kihisia: msizipe kipindi, zipeni makopo matatu

Mwalimu mwenzangu, umeuliza kama mpunguze kipindi kimoja cha michezo mfundishe hizo stadi za kijamii na kihisia mlizoletewa na mradi. Msifanye. Sisi tulifanya, na kufika muhula wa pili kipindi chenyewe kilishaliwa na Hisabati.

Nina darasa la tatu, shule ya msingi ya kata, watoto 94. Tulirudi semina na mabango ya yale maeneo matano ya CASEL, shirika la Marekani la stadi hizi: kujitambua, kujidhibiti, kuwaelewa wengine, mahusiano, maamuzi. Watoto wakayakariri kama tebo. Wiki hiyohiyo nikamaliza ugomvi wa penseli kwa fimbo.

Kilichonisaidia ni vizibo vya soda. Salamu zetu hazina mahali pa kusema vibaya: muulize mtoto hujambo, atasema sijambo hata kama hajala tangu jana. Nikaweka makopo matatu mlangoni: jua, mawingu, mvua. Kila mtoto ana kizibo chenye namba yake iliyoandikwa kwa makapeni, akiingia anakidondosha. Wakianza zoezi, mimi napitia kopo la mvua. Dakika tano tu. Kuna kizibo kilikaa kwenye mvua siku nne. Nilidhani njaa; kumbe mama anauza mnadani, harudi mpaka usiku, na mtoto ndiye anayepika na kulaza wadogo zake wawili. Ndiye yule niliyekuwa namwita mzembe kwa kusinzia. (Maongezi hayo fanyeni faragha, chini ya mwembe, siyo mbele ya darasa.)

Semina haikugusa fimbo. Kanuni zetu Tanzania za 2002 zinasema viboko visizidi vinne, achape mkuu wa shule au mwalimu aliyeruhusiwa kwa maandishi, na viandikwe. Nani anaandika? Tukakubaliana ofisini kila kiboko kiandikwe kweli. Vikapungua, kwa uvivu wa kuandika tu, tusidanganyane. Mwenzetu mmoja bado ana bomba la maji la kuchapia kabatini.

Na wapeni maneno. Wangu walijua hasira peke yake, tukaongeza wivu, aibu, unyonge, kinyongo. Juzi mmoja akanisahihisha: "Mwalimu, sina hasira naye, nina kinyongo." Yeye na mwenzake hawakusemeshana mpaka Ijumaa, ila hawakupigana.