MUULIZE MSHIKA KIBENDERA: Mgiriki aliyefunga 33 akakosa ubingwa

SWALI: Shikamoo mzee. Marehemu babu yangu alikata mkonge Kilosa kwa bwana mmoja wa Kigiriki, kisha akaja kuzeekea huku Dodoma. Alikuwa akituhadithia kwamba bosi wake hachoki kumsifia mchezaji wa kwao, Nestoridi, eti miaka mitano mfululizo hakuna aliyemfikia kwa magoli. Nimelisema hili kijiweni Nkuhungu wakanicheka. Shemeji anadai mtu wa namna hiyo angejaza kabati kwa makombe, na kama hana, basi ni porojo za kambini. Tumewekeana kreti ya soda. Je, huyu mtu alikuwapo? Na makombe yake yako wapi?
Mjukuu wa mkata mkonge, Nkuhungu

JIBU: Marahaba, mjukuu wangu. Alikuwapo, na babu hakuongeza chumvi hata kidogo. Jina lake Kostas Nestoridis, mzaliwa wa 1930 wa mji wa Drama, kaskazini mwa Ugiriki, kwenye nchi ya tumbaku. Alicheza Panionios, mwaka 1955 akahamia AEK ya Athens, na huko ndiko alikowatesa makipa. Msomee shemeji polepole: msimu ulioishia 1959 magoli 21, 1960 magoli 33, 1961 magoli 27, 1962 magoli 29, 1963 magoli 23. Mara zote tano ndiye mfungaji bora wa nchi. Jumla 133.

Ili uone uzito wake, Meddie Kagere alipochukua ufungaji bora misimu miwili mfululizo pale Simba, kwa magoli 23 kisha 22, tulimuona mtu wa ajabu, na tulikuwa sahihi. Magoli 26 ya Mohamed Hussein 'Mmachinga' wa Yanga mwaka 1999 bado yanawagombanisha watu vijiweni. Yale 33 ya Nestoridis aliyafunga katika msimu wa kwanza wa ligi mpya ya taifa ya Ugiriki, wenye timu 16 na mechi 30 kwa kila timu. Zaidi ya goli moja kila mechi, ukipiga hesabu.

Sasa nakuja kwa shemeji, maana naye kagusa penyewe. Katika miaka hiyo mitano AEK ilibeba ubingwa wa ligi mara moja tu. Mwaka 1959 ulikwenda Olympiacos, waliokuwa wakimalizia ubingwa wao wa sita mfululizo, kisha 1960, 1961 na 1962 Panathinaikos wakajipakulia wenyewe. Huo wa 1960 ndio uliouma. AEK na Panathinaikos walimaliza wakiwa sawa, pointi 79 kila mmoja. Usishangae pointi 79 kwa mechi 30. Wagiriki wakati huo walitoa pointi tatu kwa ushindi, mbili kwa sare na moja kwa aliyefungwa. Ndiyo, ukifungwa unapewa pointi, mradi umefika uwanjani! (Viongozi wetu wa ligi ya wilaya wasisome hapa, wanaweza kupata mawazo.) Ikachezwa mechi ya kuamua bingwa, Panathinaikos wakashinda 2–1. Mtu kafunga 33 na karudi nyumbani mikono mitupu.

Miaka mitatu baadaye yakajirudia, timu zilezile, pointi sawa tena. Mechi ya kuamua ikaisha 3–3. Hakukuwa na kupigiana penalti. Wakarudi kwenye daftari la msimu na kuangalia wastani wa magoli, na hapo AEK wakawa mabingwa kwa mara ya kwanza tangu 1940. Wastani si tofauti ya magoli tuliyoizoea sisi. Unagawanya uliyofunga kwa uliyofungwa. Timu yenye magoli 60 ya kufunga na 20 ya kufungwa inapata 3. Yenye 80 kwa 30 inapata pungufu ya hapo, ingawa kwa hesabu yetu ya kutoa ingekuwa mbele kwa magoli kumi. Kwa hesabu ile, beki anayezuia goli moja anaweza kuwa na thamani kuliko mshambuliaji anayeongeza mawili. Ndiyo maana mimi simpimi mfungaji kwa makombe. Kombe lina mikono mingi.

Sifa yake kubwa ilikuwa mipira ya adhabu. Na kumbuka viwanja vingi vya Ugiriki enzi hizo vilikuwa vya udongo, kama hivi tunavyovijua sisi wa Kongwa, Bahi na Mpwapwa. Nimeshika kibendera kwenye viwanja hivyo mpaka magoti yakagoma, na nakwambia faulo kwenye vumbi ni kazi nyingine kabisa. Upepo wa mwezi wa nane unausukuma mpira kabla hujarudi nyuma hatua mbili. Mpigaji mjanja huchimba kwa kisigino, akakusanya kichuguu kidogo, mpira ukakaa juu yake. Refa akimuona anamwambia asawazishe, anasawazisha kwa mguu mmoja huku mwingine ukijenga upya. Anayeweza kuukata mpira kwenye udongo namna hiyo ukapita ukuta na kuingia pembeni, huyo hakubahatisha.

Ulaya hakutamba nayo AEK. Katika Kombe la Mabingwa la 1963/64 walipigwa 7–2 na Monaco kule Ufaransa, nyumbani wakatoka 1–1, safari ikaishia hapo. Msimu huohuo ufungaji bora ukabaki nyumbani AEK, ila kwa kijana mwingine, Mimis Papaioannou, aliyefunga 29. Nestoridis akaelekea Australia, na 1966 alikuwa mchezaji na kocha wa timu ya wahamiaji wa Kigiriki mjini Melbourne, South Melbourne Hellas. Yeye na Papaioannou wote walifariki 2023, Nestoridis akiwa na miaka 93.

Kreti ni yako, mjukuu wangu. Ila mpe shemeji chupa mbili, swali lake ndilo limetupa maneno.

SWALI: Mzee, shikamoo. Niliona jezi ya hao AEK kwenye mitumba hapa Manyoni, ina ndege mwenye vichwa viwili. Mwenzangu anasema ni mambo ya kishirikina. Ni kweli?
Fundi cherehani, Manyoni

JIBU: Marahaba. Hakuna uchawi, fundi. Ni tai wa dola ya Bizanti, ambayo makao yake yalikuwa Konstantinopoli, yaani Istanbul ya leo. AEK ilianzishwa Athens mwaka 1924 na wakimbizi wa Kigiriki waliotoka mji huo, wakachukua tai wao na rangi zao, njano na nyeusi. Ile Panionios ya Nestoridis nayo ni ya wakimbizi. Ilizaliwa Smyrna, yaani Izmir ya leo huko Uturuki, mwaka 1890, ikahamia Athens baada ya vita vya Wagiriki na Waturuki vilivyoisha 1922. Kwa hiyo yule bwana alitoka timu ya waliohamishwa akaenda nyingine ya waliohamishwa, kisha akavuka bahari kwenda kuwachezea waliohama kwa hiari yao. Kama jezi haijachanika kwapani, inunue.