Birmingham ipi?

Kaka, wewe na huyo rafiki yako wa Nakuru msigombane kama Birmingham, mji wa viwanda vya chuma, uko Uingereza au Marekani; nyote mko sawa. Birmingham zinazojulikana sana kwa chuma ziko mbili. Jiliwa lako kuukuu limeandikwa England chini ya jina la mji, kwa hiyo hilo ni la Uingereza na ubishi wake umekwisha. Hapa Kibuye, Kisumu, nimeona mafundi wakibania vyuma kwenye majiliwa ya aina hiyo, mazito balaa.

Hiyo ya Uingereza ndiyo kongwe. Boulton, mwenye viwanda, na Watt, mhandisi, walitengeneza injini za mvuke huko karne ya 18, na karakana zake zilitoa kila kitu, kuanzia vifungo vya nguo na nibu za kalamu hadi bunduki.

Ya Marekani, jimbo la Alabama, ilianzishwa 1871 na jina la ile ya Uingereza ikapewa makusudi. Madini ya chuma, makaa ya mawe na mawe ya chokaa, yaani mahitaji yote ya tanuru la chuma, yalipatikana palepale karibu. Ni kama Kisumu Ndogo, mtaa wa Kibera, Nairobi, wenye jina la Kisumu, ila hii "ndogo" ilisubu sanamu ya chuma ya Vulcan, mungu wa uhunzi wa Warumi wa kale, urefu mita 17 hivi, ikaipeleka kwenye maonyesho ya dunia ya St. Louis, Marekani, mwaka 1904!

Mkitaka ubishi mwingine, jaribuni Newcastle: iko Uingereza, Australia na Afrika Kusini, na zote tatu zina historia ya makaa ya mawe.