Kodi zikifurika jimboni, kwa nini zisitumike zote?

Mkuu, umeuliza kwa nini jimbo kama California likikusanya kodi kupita makadirio lisiziingize zote kwenye mishahara na huduma, wakati watu wana shida. Mimi ni karani katika ofisi moja ya jimbo pale Sacramento tangu 2006, kwa hiyo nasema niliyoyaona.

Angalia kwanza hela inatoka wapi. Karibu nusu ya kodi ya mapato ya California hulipwa na ile asilimia 1 ya wenye vipato vikubwa kabisa, na vipato vyao vinafuata bei za hisa. Hisa zikipanda hazina inafurika, zikianguka inakauka ndani ya miezi. Mshahara wa mwalimu haushuki hivyo, na pensheni ndiyo kabisa. Mwaka 1999, kampuni za intaneti zilipokuwa zimewapagawisha watu, jimbo lilipitisha sheria ya kuongeza pensheni za watumishi wake, hata kwa miaka waliyokwisha kuitumikia. Mwaka uliofuata soko likaanza kuporomoka. Ahadi haikuporomoka nalo.

Mimi yalinikuta 2009. Kuanzia Februari tulikaa nyumbani Ijumaa mbili kila mwezi bila malipo, Julai zikawa tatu. Mshahara ulipungua karibu asilimia 14. Kila tarehe 5 nilikuwa natuma hela Tanga kwa ajili ya dawa za presha za mama. Mwezi ule niliiweka slipu ya mshahara mezani pembeni ya bili ya pango, nikapiga hesabu mara tatu, kisha nikampigia dada: "Mwezi huu ni nusu." Hakuuliza kitu, akasema tu, "Sawa, kaka." Julai hiyohiyo jimbo liliishiwa fedha taslimu, likawapa baadhi ya waliokuwa wanalidai karatasi za ahadi ya malipo zenye riba ya asilimia 3.75. Jirani yangu alisubiri kurudishiwa kodi aliyolipa zaidi, akapewa karatasi hiyo.

Ndiyo maana gavana Jerry Brown alipobana matumizi miaka iliyofuata, nilimuunga mkono. Wenzangu wengi kazini walimwita mkono wa birika, na hoja yao ilikuwa na uzito, maana huduma nyingi zilizokatwa zilikuwa hazijarudi. Novemba 2014 wapigakura walikubali kila mwaka itengwe asilimia 1.5 ya mapato ya mfuko mkuu, pamoja na sehemu ya kodi ya faida za hisa inapopanda kupita kiasi, na nusu yake iende kwenye madeni. Brown alipoondoka Januari 2019, akiba ilikuwa imepita dola bilioni 13.

Sisemi hela ifungiwe kabatini. Ziada ijenge daraja, ikarabati shule, ilipe deni, yaani vitu vyenye mwisho. Kuajiri watu wa kudumu kwa mapato ya msimu mmoja ni kuwaandalia barua za kuachishwa kazi.

Mei 2022 jimbo lilitangaza ziada ya dola bilioni 97.5, na sisi wananchi tukatumiwa kiasi kama marejesho. Kufikia bajeti ya 2024 kulikuwa na pengo la karibu bilioni 47. Wakachota kwenye akiba ile, na mwaka huo sikupoteza Ijumaa hata moja.