Kulala botini Bahari ya Shamu

SWALI: Shikamoo anti, mimi na mume wangu tunataka kwenda Misri kwenye boti ya kifahari ya wapiga mbizi, mnalala humohumo wiki nzima. Nina cheti cha mwanzo tu, cha mita 18, nitafaidi kweli?

JIBU: Marahaba mwanangu. Utafaidi, ila uliza ruti kwanza maana zile za Brothers na Daedalus, visiwa na miamba ya mbali baharini, mkondo una nguvu na wanataka uwe umeshapiga mbizi mara 50, wewe chukua ya kaskazini, na hata huko meli ya Thistlegorm iliyozamishwa na ndege za Wajerumani 1941 imelala kama mita 30 chini, kwahiyo ongeza kozi kabla hujaenda. Raha ya kulala botini mnafika asubuhi kabla ya boti za kutwa, zile za kwenda na kurudi siku hiyohiyo.

Kinachoniuma mimi ni moto. Boti ya Conception kule California, Septemba 2019, watu 34 walifariki wakiwa chini kwenye vitanda na hakukuwa na mlinzi wa usiku. Uliza nani anakesha, uoneshwe mlango wa dharura, na usichaji simu kitandani jamani. Ndege ya kurudi iwe angalau masaa 18 baada ya mbizi ya mwisho.