Posho ya mhadhiri ijulikane kabla kazi haijaanza

Ukitaja motisha mbele ya wakuu wa idara vyuoni, Mtwara au Lindi, jibu la kwanza ni kwamba bajeti haitoshi. Ni kweli haitoshi. Lakini mhadhiri huvunjika moyo zaidi asipojua atalipwa lini na hesabu imepigwaje.

Chukua kusahihisha mitihani. Tuseme vitabu vya majibu ni 300, kila kimoja shilingi 1,000. Anatarajia 300,000. Baada ya miezi 4 anapata 240,000 bila maelezo. Huenda ni makato halali, ila nani alimwambia? Muhula ujao alama zake zitachelewa. Mpe mapema karatasi moja yenye idadi ya vitabu, kiwango, makato na tarehe ya malipo, na msaini wote wawili.

Hata hivyo, ukilipia idadi peke yake utapata idadi. Maoni ya pembeni yatatoweka, mwanafunzi ataona "12/20" asijue alikosea wapi. Msahihishaji wa pili apitie angalau kitabu 1 katika kila 10, ndipo malipo yatoke.

Safari nazo zina mtego wake. Mtwara hadi Dar es Salaam kwa barabara ni zaidi ya kilomita 500. Kongamano la siku 2 humla mhadhiri siku 4, kwenda na kurudi. Ukimlipa posho ya siku 2, nyingine anajilipia mwenyewe, na mwaliko unaofuata ataukataa.

Mwanasaikolojia wa Marekani Frederick Herzberg na wenzake waliandika mwaka 1959 kwamba mshahara na mazingira ya kazi huzuia manung'uniko, bali ari huletwa na kazi yenyewe, kutambuliwa na kupanda cheo. Tafadhali, hoja hiyo isitumike kuchelewesha mishahara! Itumike kumpunguzia somo moja mhadhiri msaidizi anayemalizia tasnifu ya uzamivu, maana hapo ndipo cheo chake kilipokwama.

Na barua ya pongezi? Inafaa sana ikitaja kazi. "Asante kwa kujituma" haimsaidii mtu. Andika: "Aliandaa mazoezi 8 ya kupima udongo wa mashamba ya mikorosho, na yanatumika mwaka wa pili." Nakala iingie kwenye jalada lake, kamati ya vyeo iikute.