Mmeniuliza kama wazee wa Uingereza wanatunzwa au wametupwa

Shemeji ameuliza, na wengine mmemuunga mkono: katika hizi nyumba za wazee ninakofanya kazi, wazee wanatunzwa kweli, au wamewekwa humo wasubiri kufa? Mmeuliza pia kama ningemshauri mtu aje kuifanya kazi hii. Nitajibu yote mawili bila kuficha.

Hapa England nyumba ya wazee haifunguliwi bila kusajiliwa na CQC, tume inayokagua huduma za afya na matunzo. Wakaguzi huangalia kama nyumba ni salama, kama huduma inaleta matokeo, kama wahudumu wana utu, kama kila mkazi anasikilizwa na kama uongozi unafaa. Daraja la chini kabisa maana yake ni kwamba nyumba haifai. Daraja lolote nyumba iliyopewa, lazima libandikwe wazi, na ripoti nzima iko kwenye intaneti, hata ile ya aibu.

Kanuni zenyewe zinaingia hadi bafuni. Maji ya kumwogeshea mzee yasizidi nyuzi 44, kwa sababu ngozi yake ni nyepesi na pengine hawezi kusema yanamchoma. Madirisha ya ghorofani yasifunguke zaidi ya sentimita 10. Mashine ya kumnyanyulia mtu kutoka kitandani hukaguliwa na mtaalamu kila miezi 6. Chakula nacho kina vipimo. Mtu aliyepata kiharusi anaweza kupoteza nguvu ya kumeza, kwa hiyo vinywaji na vyakula vimepangwa kwa ngazi za uzito na ulaini kuanzia 0 hadi 7, na mtaalamu ndiye anayeamua ngazi yake. Ukimpa glasi ya maji ya kawaida kwa huruma tu, yanaweza kupita njia ya hewa yakaingia mapafuni, akapata nimonia. Ndiyo maana tunakoroga unga maalumu maji yawe mazito kidogo. Kanuni hizi nazitetea kwa moyo wote.

Sasa shida iko wapi? Iko kwenye idadi ya watu. Sheria inataka wahudumu wawe "wa kutosha", lakini haitaji idadi. Usiku mnaweza kuwa wawili kwenye ghorofa nzima. Kumtoa mzee kitandani kwa mashine kunahitaji wote wawili, na wakati huohuo kengele inalia chumba cha mwisho, ambako mama mwenye ugonjwa wa kusahau ameanza kuamka peke yake. Mzee mmoja kati ya hao atangoja. Mzee asiyeweza kujigeuza anatakiwa kugeuzwa kila baada ya saa chache ili asipate vidonda vya kulalia, na kila mara mhudumu anatia sahihi kwenye fomu. Katika nyumba moja nilishuhudia fomu ya usiku kucha ikijazwa alfajiri kwa mkupuo mmoja. Ukiitazama fomu, kila kitu kilikuwa sawa. Mgongo wa yule mzee ulikuwa mwekundu. Jambo hili linaniuma kuliko yote niliyoyaona huku.

Mtauliza mbona watu hawasemi. Tangu 1998 iko sheria ya kumlinda mfanyakazi anayefichua maovu. Lakini wengi wetu viza zetu zimefungwa kwa mwajiri. Ukipoteza kazi, kwa kawaida unapewa siku 60 upate mwajiri mwingine mwenye kibali cha kuajiri wageni, la sivyo uondoke. Mwenye watoto wanaosoma hapa hufikiri mara mbili kabla ya kupiga simu. Na hata anayesema anaweza asisikilizwe: katika hospitali ya Winterbourne View karibu na Bristol, iliyohudumia watu wenye ulemavu wa akili, muuguzi mmoja alitoa taarifa za mateso na hazikufanyiwa kazi, hadi BBC iliporusha picha za siri mwaka 2011. Wafanyakazi 11 walihukumiwa baadaye.

Kwa hiyo, shemeji, hapana, hawajatupwa. Wapo wanaotembelewa na watoto wao kila wiki, na wapo wasiotembelewa kabisa, na hao sisi ndio watu wao. Zipo nyumba ambazo ningempeleka mama yangu bila wasiwasi, na zipo zenye daraja hilohilo ambazo nisingekubali alale humo hata usiku mmoja. Mwenye jamaa yake huku na asome ripoti, kisha aende Jumapili jioni, wakati ofisi imefungwa. Aangalie kama kikombe cha maji kiko mahali mgonjwa anapofika kwa mkono wake, na kengele pia. Aulize meneja amekaa muda gani. Nyumba inayobadilisha meneja kila mara naiogopa.

Kuhusu kazi, nisingemshauri mtu auze shamba kwa ajili yake. Tena njia yenyewe imefungwa: tangu tarehe 22 Julai 2025 Uingereza haitoi viza mpya kwa wahudumu wa matunzo wanaoajiriwa kutoka nje. Anayewaambia leo kwamba ana nafasi ya namna hiyo na anataka malipo ya kibali, anawaibia. Kama kuna aliyeombwa pesa tayari, aniandikie kabla hajatuma.