Tiketi imeandikwa Ercan: ni Kupro ipi hiyo?

Mkuu, umeuliza kwa nini mdogo wako kapata "chuo Kupro" lakini tiketi inapitia Istanbul na kushukia Ercan, na kama akishafika anaweza kuvuka kwenda Larnaca, upande wa kusini. Ercan ni uwanja wa ndege ulio kaskazini, upande ambao ni Uturuki pekee inautambua kuwa nchi. Asitegemee kuvuka. Wachangiaji waliotangulia wameianza habari hii mwaka 1974, wakati mstari ulishachorwa zaidi ya miaka kumi kabla.

Tuanze na ramani. Kisiwa kizima ni kilomita za mraba 9,251. Kusini-magharibi kuna milima ya Troodos, kilele chake Olympus mita 1,952. Kaskazini kuna safu nyembamba ya Kyrenia iliyojipanga sambamba na pwani, na katikati ni tambarare ya Mesaoria ulipo mji mkuu, Nicosia. Pwani ya Uturuki iko kama kilomita 70 tu, Athens ni zaidi ya 800. Wagiriki wa Kupro ndio wengi, lakini jeshi lililo jirani ni la Uturuki. Hesabu hiyo haijawahi kubadilika.

Waosmani walikiteka 1571, Waingereza wakaingia 1878. Wagiriki wengi walitaka kuungana na Ugiriki, yaani enosis; Waturuki wa Kupro wakajibu kwa taksim, kisiwa kigawanywe. EOKA, kundi la Wagiriki lililopigania enosis kwa silaha, ilianza kulipua mabomu tarehe 1 Aprili 1955, na Machi 1956 Waingereza wakamhamishia Askofu Mkuu Makarios, kiongozi wa Wagiriki wa Kupro, Shelisheli, akipitishwa Kenya. Uhuru ulipokuja Agosti 1960, haukuwa ule ambao kundi lolote kati ya hayo mawili liliuomba.

Mzizi wa fitina ni katiba ile ya 1960. Rais Mgiriki, makamu Mturuki, kila mmoja na kura ya turufu kwenye mambo ya nje, ulinzi na usalama. Bunge viti 35 kwa 15. Utumishi wa umma 70 kwa 30, jeshi 60 kwa 40, na Waturuki walikuwa takriban asilimia 18 ya watu wote. Wagiriki wakaona wameonewa. Waturuki wakaona ndiyo kinga pekee waliyonayo. Sheria za kodi, manispaa na uchaguzi zilitaka wingi wa kura wa kila kundi peke yake, kwa hiyo wabunge wanane wa Kituruki wakikataa, sheria ya kodi imekufa. Na ilikufa kweli. Jeshi la watu 2,000 nalo halikuundwa kama lilivyoandikwa, maana walishindwa kukubaliana kama askari wachanganywe au kila kundi likae na kikosi chake.

Novemba 1963 Makarios, ambaye sasa ndiye rais, akapendekeza marekebisho 13 ya katiba. Desemba 21 risasi zikaanza Nicosia. Desemba 30 Meja Jenerali Peter Young, Mwingereza, akachukua penseli ya kijani akagawa mji kwenye ramani: ndiyo Mstari wa Kijani hadi leo. Waturuki takriban 25,000 wakayahama makazi yao na kujibana kwenye vijieneo vilivyozingirwa. Askari wa Umoja wa Mataifa walifika Machi 1964 na bado wapo.

Julai 15, 1974, utawala wa kijeshi wa Athens ukampindua Makarios na kumweka Nikos Sampson, mtu wa zamani wa EOKA. Julai 20 Uturuki ikateremsha majeshi karibu na Kyrenia, ikitumia Mkataba wa Dhamana wa 1960, ambao Uingereza, Ugiriki na Uturuki ziliahidi kuilinda katiba ile. Hapo angalau ilikuwa na cha kusema. Ila Sampson alijiuzulu Julai 23, na msukumo mkubwa uliochukua zaidi ya theluthi ya kisiwa ulianza Agosti 14. Kwa huo wa pili, hoja ya kurudisha katiba haishiki. Wagiriki zaidi ya 160,000 wakakimbilia kusini, Waturuki zaidi ya 40,000 wakaenda kaskazini. Waliopotea, kwa orodha ya kamati ya pamoja, ni Wagiriki 1,510 na Waturuki 492.

Mstari wenyewe, ambao sasa ni ukanda unaolindwa na Umoja wa Mataifa, una urefu wa kilomita 180 hivi. Ndani ya Nicosia ya kale kuna mahali upana wake ni mita chache, kwingine unazidi kilomita saba. Uwanja wa zamani wa ndege umebaki katikati, na ndege moja ya Trident inaoza pale. Majitaka, lakini, hayajui mpaka: mtambo wa kuyasafisha ulijikuta kaskazini, ikabidi mameya wa pande mbili, Demetriades wa kusini na Akıncı wa kaskazini, wakubaliane, na mji mmoja ukabaki na mfumo mmoja.

Sasa ya mdogo wako. Kwa Jamhuri ya Kupro, kuingia kupitia Ercan si kuingia kihalali. Kibali cha mwanafunzi cha kaskazini si viza ya kusini, na kituo cha kuvukia cha mtaa wa Ledra, Nicosia, kilichofunguliwa 2008 hakimsaidii: polisi wa upande wa kusini watamrudisha. Asijaribu kupenya eneo la Umoja wa Mataifa. Kuna Waafrika waliokwama humo miezi. Kaskazini atatumia lira, simu +90 392, na barua lazima ziandikwe "Mersin 10, Turkey", vinginevyo hazifiki. Wakala akisema "chuo cha Umoja wa Ulaya", anakudanganya: kisiwa kizima kiliingia 2004 lakini sheria za Umoja huo zimesimamishwa kaskazini. Kabla ya kulipa ada, ulizeni TCU (Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania) kwa jina kamili la chuo na la kozi, mpate jibu la maandishi. Pasipoti iwe na muda unaopita masomo yote, kwa sababu ubalozi wa Tanzania nchini Uturuki uko Ankara, na safari hiyo ni nauli nyingine.